Kuku Niliowarudisha

Kwa Njeri, binti yangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya wavulana wa stesheni, mama yako amekwisha kukuambia tangu juzi, na najua atakuambia tena alfajiri ukiwa na mguu mmoja ndani ya lori. Mimi siyarudii. Naandika yale ambayo mama yako hayajui, au anayajua na amenyamaza, maana yule mwanamke akinyamaza husema mengi kuliko mahubiri yangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojifunzia herufi. Lugha yetu naisema vizuri kuliko wote hapa, lakini kuiandika inanishinda. Unajua habari za yule mpishi, mzee wa Kiislamu wa Nakuru mjini, aliyenichorea a na be kwenye majivu jikoni kwa Bwana mwenye shamba nilipokuwa mwosha sufuria. Alifukuzwa kazi kabla hajamaliza, na mimi nikajikokota peke yangu mpaka nikaisoma Biblia yote, Walawi na yale majina ya wazawa bila kuruka hata moja. Kutoka Bahati mpaka Dundori hakuna mchungaji mwingine aliyejifundisha mwenyewe hivyo. Sijisifu, nasema ukweli tu. Ukiona herufi zimepinda, ni penseli. Imebaki fupi kama jino.

Mama yako ataishona karatasi hii ndani ya pindo la koti lako. Ukifika kule hospitali ya kujifunzia uuguzi, ifungue, isome, kisha itie motoni. Majina siandiki humu, hata moja, isipokuwa lako. Utawatambua watu kwa mambo yao.

Jambo lilianza Jumapili, na lilianza kwa mdomo wangu. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wako nje wanasalimiana, wewe umekwenda kisimani. Gari la polisi likaja, Bwana mwenye shamba amekaa mbele pamoja na yule Inspekta kijana mwenye nyusi nyeupe. Inspekta akaniuliza, kwa kile Kiswahili chao cha kukanyagakanyaga:

"Mchungaji, watu yako ngapi nakula kiapo ya watu ya msitu?"

Njeri, jibu lilikuwa jepesi. Mtu mwingine angesema neno moja, akaenda zake kula viazi. Lakini watu walikuwa wananitazama, Bwana ananitazama, na mimi nimetoka kuhubiri, damu bado inachemka. Nikaweka mkono kifuani. Nikasema, "Mimi ni mchungaji. Kondoo wangu nawajua mmoja mmoja. Hata gizani nawajua, kwa harufu."

Nilidhani nimesema jambo kubwa. Inspekta akacheka, akamgeukia Bwana, wakasemezana kwa lugha yao. Kisha akaniambia hiyo ni nzuri sana, maana Jumatano asubuhi watu wote wa shamba wataketishwa kwenye uwanja wa kukaushia pareto, na mimi nitawekewa kiti karibu naye. Kila mtu akipita mbele yetu, nitasema: huyu amekula kiapo, huyu hajala. Nikisema sijui, basi nimemdanganya Bwana mbele ya watu. Nikificha, basi mimi ni mmoja wao, na nitapanda lile lori la waya la kwenda kizuizini kama wengine.

Jumatano ni kesho.

Nyapara alikuwa amesimama nyuma yangu anakuna sikio. Kabla ya jua kuzama, hakuna nyumba ya skwota hapa shambani ambayo haikujua kwamba Mchungaji ataketi kwenye kiti. Na wewe unajua kama ninavyojua: anayetajwa haendi nyumbani jioni. Na anayetaja, wale wa msituni hawachelewi kumjia.

Ndiyo maana unaondoka kesho na siyo wiki ijayo. Ulipouliza nilikukaripia, nikasema mtoto wa Mchungaji hangoji kusukumana na watu. Sababu yenyewe ni hii. Ile ruhusa yako ya kusafiri ina sahihi ya Bwana, na Bwana akikasirika ataichana. Nataka lori la maziwa likuteremshe Nakuru kabla jua halijatoka, na gari moshi liwe limeanza kupanda milima ya Mau nawe ukiwa ndani yake, kabla mimi sijafungua kinywa pale uwanjani. Ukiwa ng'ambo ya Mau, hata wanifanye nini, wewe umepita.

Sasa nikuambie siku yangu ya leo, uone jinsi mtu mzima anavyoweza kutembea kutwa nzima na asione anachokanyaga.

Alfajiri nimegonga ile sahani ya chuma ya plau, kengele yetu, kama kawaida. Unajua sala ya alfajiri watu huja wachache, wazee, na wale wanaotaka kuonekana. Leo nyumba ya Mungu ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Hata yule dereva wa trekta ambaye hajaingia kanisani tangu harusi yake, na harusini alikuwa amelewa, leo alikaa benchi la mbele na kuimba kwa sauti ya juu. Nikajiambia, mzee, umehubiri vizuri Jumapili.

Kutoka hapo nikaenda kumbariki mtoto mchanga wa nyumba ile iliyo chini ya mikaratusi. Baba mtu akanipa kuku. Nikamwambia kubariki hakulipiwi. Akasema, "Siyo wa kubariki, Mchungaji. Ni wa Njeri. Anakwenda mbali." Nikafurahi, maana ni desturi nzuri, mtoto wa kijiji akisafiri kila mtu amtie kitu mkononi. Nikamchukua kuku.

Nikapita kwa wale mume na mke wanaogombana kila mwezi. Nilikuwa nimejiandaa na mistari ya Waefeso. Hata sijakaa, mume akasema amekosa, mke akasema yeye ndiye amekosa zaidi, wakashikana mikono. Nikasema moyoni, hakuna mpatanishi kama mimi katika Bonde lote hili. Wakanipa kuku wa pili. Wa Njeri, wakasema.

Mchana nimemzika yule mzee wa kuchunga kondoo. Vijana waliochimba kaburi hawakuinua macho. Nilipotupa udongo wa kwanza, mmoja wao akashtuka kama nimemtupia yeye. Nikadhani ni huzuni. Baada ya mazishi mjukuu wa marehemu akanifuata njiani na kuku, kuku mweupe, mzuri, huku anapumua kama mtu aliyekimbizwa.

Nikafika kwa Mama wa Mguu nimewabeba kuku wangu vichwa chini, kifua mbele. Nilikwenda kumwombea kile kidonda cha mguu. Nikamwonyesha, nikasema, "Ona mama jinsi watu wanavyompenda binti yangu."

Yeye hakunipa kitu. Hakunikaribisha hata kiti. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya.

"Hao kuku siyo wa Njeri," akasema. "Ni wa kesho. Watu wanakufunga mdomo."

Nikamwambia anyamaze, ana maneno ya uchungu kwa sababu ya mguu.

"Mguu hauna maneno," akasema. "Wewe ulisema unatujua kwa harufu. Haya, nimekaa mbele yako, upepo unatoka kwangu kuja kwako. Sema. Mimi nimekula au sijala?"

Nikamtazama. Njeri, mimi yule mama nimemfungisha ndoa. Nimewabatiza watoto wake na nimemzika mume wake. Aliponiuliza alikuwa ananitazama machoni, na mimi nikatafuta usoni mwake kama mtu anayetafuta shimo la ufunguo gizani. Sikuona kitu. Niliona mwanamke anayemenya viazi.

"Usiniambie," nikasema.

"Sikuambii," akasema. "Wewe ndiye mwenye kujua."

Nikatoka bila kumwombea. Hapo ndipo woga uliponiingia. Nilipopita kwenye pareto nikawaona watu wanaochuma, na nikaona kwamba kila nilipokaribia mstari, mstari ule ulikuwa unakaa kimya, mikono tu inakwenda. Siku zote nilidhani wananyamaza kwa heshima.

Sasa sikia nilichofanya, maana kichwa chako kigumu kimetoka kwangu, na nataka ukijue kabla hakijakuponza. Nilikasirika. Mimi, ninunuliwe kwa kuku? Nikasema nitamrudishia kila mtu kuku wake, wajue mdomo wa Mchungaji haufungwi kwa nyama. Nikageuka, nikaanza kurudisha. Nilitembea haraka, kifua mbele vilevile.

Kwa mjukuu wa marehemu nilimkuta bibi yake, nikamweka kuku mlangoni nikaenda zangu. Kwa wale wagomvi wawili, mke alipokea kuku kwa mikono miwili kama anayepokea maiti ya mtoto. Kwa Mwenye Kuku wa kwanza, yule wa mtoto mchanga, alikuwako yeye mwenyewe. Nikamwambia, "Chukua kuku wako. Mimi sihongwi."

Yule mtu akageuka rangi. Akamtazama mke wake. Akaweka kuku chini polepole, akachukua koti lake msumarini, akapita nyuma ya nyumba na kuingia katika mahindi.

Nilikuwa nimefika karibu na bomba la maji ndipo nikaelewa. Kwetu nani humrudishia mwenzake zawadi? Ni yule aliyekata undugu. Ni yule anayesema, mimi na wewe hatuna tena deni la wema. Nilikuwa nimezunguka shamba nikigawa hukumu mlango kwa mlango, na nikijiona mtakatifu. Na huyu mmoja alikuwa ameisikia hukumu yake na anaelekea msituni. Kesho wakipanga watu uwanjani na yeye hayupo, hawatanihitaji mimi wala pua yangu. Kutokuwapo kwake kutamtaja. Halafu watamchukua mke, na mtoto niliyembariki asubuhi atalala wapi?

Mwanangu, mimi nimewahi kumkabili chui kwenye ghala la mahindi nikiwa na jembe tu. Ile hadithi ni ya kweli, usimsikilize mama yako. Lakini siku ya chui sikukimbia, na leo nilikimbia. Nilirudi mbio, mzee wa mvi, kanzu nimeipandisha magotini, jua linashuka na saa ya watu kutotoka nje inakaribia. Nilipita kwanza kwa wale wawili wengine, nikachukua tena kuku wao, nikasema nimekosea, ni wa Njeri, asanteni. Walinitazama kama mwendawazimu. Afadhali hivyo.

Kwa Mwenye Kuku, mke alikuwa ameketi chini analia bila sauti, mtoto kifuani. Kuku alikuwa anazungukazunguka pale uani.

Nikamwambia, "Mama, mchinje huyo kuku. Nina njaa."

Hakunielewa. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti kubwa, majirani wasikie, kwamba Mchungaji ana njaa na hatoki hapa mpaka ale. Nikavuta kigoda, nikaketi nje mlangoni pale, mahali ambapo mtu aliye ndani ya mahindi anaweza kuniona.

Akachinja. Akawasha moto. Moshi ukapanda. Mimi nikaanza kuimba, zile nyimbo za kuzimu na moto nikaziacha, nikaimba zile za Jumapili ya watoto. Nyapara akapita na tochi, akauliza mbona sijaenda nyumbani. Nikamwambia nakula, kama ana haraka aende akamwambie Bwana kwamba Mchungaji anakula. Akaniambia nina robo saa tu. Nikaendelea kuimba.

Giza lilipokuwa linashika, mahindi yakafanya sauti. Mwenye Kuku akatoka, suruali imelowa umande, akasimama mbali kidogo. Nikachukua paja, nikamnyooshea.

Hakulipokea mara moja. "Kesho utasema nini?" akauliza.

"Nitasema sijui."

Hutaamini, yule mtu akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Wewe? Wewe Mchungaji, useme hujui kitu? Inspekta hataamini. Hata mimi siamini."

"Nitajifunza usiku huu," nikasema.

"Watakupiga."

"Watanipiga."

"Na wale wa msituni wakija usiku, wakuulize mbona uliketi na Mzungu kwenye kiti?"

"Nao nitawaambia sijui."

Akalipokea lile paja. Akaketi karibu nami, tukala, mke wake akiwa mlangoni na mtoto. Sikumwuliza kama amekula kiapo, na yeye hakuniambia. Nilipoinuka akanisindikiza mpaka kwenye seng'enge, akaniambia kesho atakuwa uwanjani. Nikamwambia akae mstari wa katikati, wa kwanza na wa mwisho ndio wanaoangaliwa sana. Ndiyo shauri la pekee la maana nililompa mtu leo, na halimo katika Biblia.

Kwa hiyo, Njeri, ulipofungua mlango ukaniona nimebeba kuku wawili na mafuta mdomoni, ukacheka, ukasema Baba umekula njiani kama mtoto, hapo nilikuwa nimetoka huko. Na hao kuku wawili ambao mama yako anawakaanga kwa ajili ya safari yako, kama wamesalia, uwale bila woga. Wametolewa mara mbili, na mara ya pili walikuwa wako kweli.

Sikuhubirii. Mahubiri yangu yameisha leo. Lakini kule unakokwenda utavaa nguo nyeupe, na watu wagonjwa watakudhani unajua. Mama wa mtu atakushika mkono akuulize, je, mwanangu atapona? Na wewe una damu yangu, utataka kuweka mkono kifuani. Nakumbuka ulipokuwa mdogo ulimwambia mama yako kwamba unajua mtoto aliye tumboni ni mvulana, ukabishana wiki nzima, na mtoto alipozaliwa msichana hukukubali, ulisema wamebadilisha. Nilicheka mpaka nikalia, nikasema huyu ni wangu kabisa. Leo jioni nilikumbuka kicheko kile na hakikuniridhisha.

Sijui kesho nitapata wapi lile neno. Nimejaribu kulisema hapa mezani, peke yangu, na linanikwama kama mwiba wa samaki. Katika miaka yote ya uchungaji watu wameniuliza kwa nini mvua imekawia, kwa nini mtoto amekufa, kwa nini Bwana mwenye shamba amepunguza mifugo yetu, na kila mara nilikuwa na jibu. Sikumbuki hata mara moja niliyowaacha bila jibu. Labda ndiyo sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia jambo lake la ndani. Mtu anayejua yote, utamwambia nini?

Mbwa wa nyapara amebweka sasa hivi, akanyamaza. Nimezima taa, nimengoja, nimeiwasha tena. Ni upepo, nadhani. Naendelea.

Kuna neno moja bado, nalo ni zito kuliko yote, nimelizungushazungusha tangu mwanzo wa karatasi. Wakati wa kuvuna ngano kuna jioni moja ulichelewa kurudi. Ulisema ulikuwa kwa rafiki yako unasukwa nywele. Nywele zako zilikuwa zilezile za asubuhi. Mama yako akaona, mimi nikaona, hakuna aliyesema. Kesho Inspekta anaweza kuniuliza habari za nyumba yangu mwenyewe, maana Jumapili hiyo hiyo nilimwambia kwamba nyumba yangu ni safi kama sahani.

Njeri, mama yangu kwa jina, hilo nalo sijui. Sikukuuliza na sitakuuliza. Usiniandikie kuniambia, wala ndiyo wala hapana. Kama ulikwenda mahali, ulikwenda. Kama ulikuwa na mvulana, basi mama yako atanicheka. Nitakapokaa kwenye kile kiti na kusema sijui, nataka neno hilo liwe kweli mpaka ndani ya mfupa, kuhusu kila mtu, na wewe wa kwanza. Ni mara ya kwanza nafurahi kwa kutojua kitu.

Alfajiri nitagonga sahani ya plau kama kawaida, wasiseme Mchungaji ameogopa. Utakuwa umeketi kati ya mikebe ya maziwa, utaisikia mpaka kwenye kona ya daraja. Kabla hujapanda nitakuambia usigeuke. Ushike ruhusa yako mkononi, siyo mfukoni, na kwenye kizuizi cha barabara ujibu unachoulizwa tu.

Wakati tunafunga sanduku kwa kamba uliniuliza, "Baba, tutaonana lini?" Nami nikajibu, "Krismasi," kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeweka siku za Mungu mfukoni. Ukaridhika, ukaenda kulala. Nasikia unavyopumua hapo nyuma ya pazia.

Jibu lile nalifuta. Tutaonana lini, Njeri? Sijui.

Unaona, nimeweza kuliandika. Na herufi zake zimepinda kuliko zote, na siyo penseli.

Baba yako